Paka Kabadilika: Uanze Wapi Kutafuta Sababu

Kibwana alipoanza kukojoa kwenye beseni la nguo, nilimfokea. Alikuwa paka wa miaka minne, msafi, aliyezoea kufukia choo chake kwa makini kama mtu anayeficha akiba. Siku ya kwanza nilifua upya shuka. Siku ya pili nikamkuta amechutama kwenye vigae vya bafu, mkia kaunyoosha nyuma, anajikamua, na chini yake pana tone moja tu lenye wekundu hafifu, kama maji yaliyooshewa nyama. Hapo hasira iliniisha, nikaingiwa na hofu.

Nilimpigia simu mama mdogo, yuko Tanga na amefuga paka maisha yake yote. Baada ya shikamoo na habari za huko, nikamweleza. "Mwanangu, huyo paka kaingiwa," akasema. "Mfukize ubani, kisha mtoe nje akatafute kwao." Sikubishana naye. Nilisema ahsante mama, nikamtia Kibwana kwenye kikapu chenye mfuniko, nikaita bajaji.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akanishika mkono na mimi niguse. Kibofu kilikuwa kigumu, kimejaa, ukubwa wa chungwa. Alimpa dawa ya usingizi, akampitisha mpira wa mkojo, na mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu kabisa. Kumbe siku mbili zile nilizokuwa nikimwona mjeuri, mnyama alikuwa anakaribia kufa.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja ninaowaambia wote wanaoniuliza juu ya paka wao: tabia mpya ichukulie kuwa ni habari ya mwili mpaka ithibitike vingine. Uanze na mwili, uende kwenye nyumba, na tabia yenyewe uiweke mwisho. Wengi wetu huanza huko mwisho, kwa kufoka na kupiga kandambili.

Jiulize kwanza: imeanza lini?

Paka anayefukuza mkia wake tangu udogoni na paka aliyeanza juzi hawafanani. Tabia ya siku nyingi mara nyingi ni maumbile yake, au ni mazoea uliyomfundisha bila kujua. Ile iliyozuka ghafla, hasa kwa paka wa makamo au mzee, itazame kama unavyoitazama homa: ipo kwa sababu kuna kinachoiwasha.

Shida ni kwamba paka haonyeshi maumivu waziwazi. Asili yake ni paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo anawinda panya kwenye nyika zetu. Huwinda peke yake, hana kundi la kumlinda, na yeye mwenyewe ni kitoweo cha wanyama wakubwa na ndege wawindaji. Mnyama wa namna hiyo akichechemea hadharani analiwa. Basi paka wako akiumwa hatakuja kukulilia. Atahama mahali pa kulala. Ataacha kuruka dirishani, aanze kupandia kiti kwanza. Ataacha kujilamba mgongoni, manyoya yaanze kushikana. Hata ule mngurumo wa kooni tunaodhani ni wa raha tupu usikudanganye, kwani paka huunguruma hivyo hata akiwa kwenye maumivu makali, pengine kwa kujiliwaza.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu, pitia haya: anakula kama zamani? Anakunywa zaidi au pungufu? Mkojo na choo kikubwa vinatoka, na kwa kiasi gani? Anaruka na kujisafisha kama alivyozoea? Jibu moja likiwa na walakini, safari ya kwa daktari inatangulia mengine yote utakayosoma hapa.

Anakojoa nje ya choo chake

Hili nitalikalia, maana ndilo linalofukuzisha paka majumbani kuliko jingine lolote.

Angalia mkao. Akichutama na kuacha dimbwi kitandani au sakafuni, huyo anakojoa. Akisimama wima, kauelekezea ukuta makalio, mkia uko juu unatetemeka, kisha akarusha kidogo, huyo anaweka alama. Haya ni mambo mawili na dawa zake ni mbali mbali.

Tuanze na anayechutama. Akienda mara kwa mara, anajikamua, yanatoka matone, au analia na kujilamba sana sehemu za siri, kibofu kina kasoro. Kwa jike, mpeleke siku hiyo hiyo ukiweza, au kesho yake. Kwa dume ambaye hakitoki kitu, usingoje kuche. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Chembechembe za madini zikikutana na ute, zinaiziba kama kizibo cha chupa. Mkojo usipotoka, taka zinarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, na moyo unashindwa. Kutoka kuziba mpaka kufa ni siku moja hadi tatu. Wengi hukosea hapa kwa sababu mkao wa kujikamua unafanana na wa paka aliyefunga choo, wakampa mafuta ya nazi na kusubiri. Wengine humkanda tumbo. Usimkande, kibofu kilichojaa hivyo kinaweza kupasuka.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kwa paka walio chini ya miaka kumi, maumivu mengi ya kibofu hayatokani na vijidudu. Ukuta wa kibofu unavimba wenyewe, na wasiwasi ni mmoja wa wachochezi wakubwa: wageni wamejaa nyumbani, mmehama, paka mwingine kaletwa, mtoto kazaliwa, fundi anagonga ukuta wiki nzima. Kwetu mimi nilikuwa nimeleta mtoto wa paka wiki tatu nyuma, sikuunganisha kabisa mambo hayo mawili. Ndiyo maana antibayotiki za kununua dukani kwa kubahatisha hazisaidii. Kinachosaidia, baada ya daktari kumaliza kazi yake, ni maji mengi na utulivu. Kibwana siku hizi hali chakula kikavu peke yake. Namchemshia samaki, namwachia na supu yake, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimepikwa. Bakuli la maji nimelitenga mbali na chakula, maana paka wengi hawapendi kunywea wanapolia.

Akiwa mzee, na mkojo ni mwingi badala ya matone, na bakuli la maji linaisha upesi, fikiria figo, kisukari au tezi ya shingo. Hapo vipimo vya damu na mkojo ndivyo vitakavyosema.

Daktari akisema mwili ni mzima, geukia choo chenyewe, na ukitazame kwa pua ya paka. Je, kinasafishwa kila siku? Kiko jirani na chakula? Kiko kwenye kona ambayo paka mwenzake humvizia asitoke? Kipo karibu na mashine ya kufulia iliyowahi kumshtua akiwa katikati ya shughuli? Ni kidogo kiasi kwamba makalio yanabaki nje? Beseni pana la kufulia linafaa kuliko visinia vingi vinavyouzwa, na mchanga wa kina cha sentimita tatu hadi tano unatosha. Idadi ya vyoo ihesabu hivi: idadi ya paka, ongeza kimoja. Paka wawili, vyoo vitatu, tena si vyote mahali pamoja, kwa sababu vitatu vilivyopangwa mstari kwao ni kimoja kikubwa.

Mahali anapopachagua panakwambia anachopenda. Anayetafuta nguo na godoro anataka laini, basi mpe mchanga mwembamba uliochekechwa, wala si kokoto au maranda ya mbao yanayomchoma nyayo. Anayetafuta vigae na sinki anataka mahali patupu na baridi, basi punguza mchanga. Weka mabeseni mawili jirani, kila moja na kitu chake, umwache achague kwa wiki moja. Ila kuna paka anayekimbia mchanga kwa sababu aliumia akiwa juu yake. Hajui kuwa maumivu ni ya kibofu. Anajua tu kwamba pale huwa panauma. Kibwana alipona, lakini hakurudi kwenye beseni lake la zamani mpaka nilipombadilishia beseni, mchanga na kona.

Harufu usipoiondoa atarudi pale pale. Nyonya mkojo kwa kitambaa, osha kwa sabuni ya kawaida, halafu pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, uache pakauke kwa jua au upepo. Usimwagie jiki juu ya mkojo mbichi: klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke wenye sumu kwako na kwake, na baadhi ya paka harufu ya klorini huwavuta zaidi.

Sasa yule anayerusha ukutani. Akiwa dume mzima asiyehasiwa, mkojo wake unanuka kwa ukali wa namna yake na anautumia kama barua. Kuhasi kunapunguza au kukomesha tabia hii kwa takriban madume tisa kati ya kumi, na ni vyema kufanyike mapema, kabla haijawa mazoea. Akiwa ameshahasiwa, au ni jike, na bado anarusha, chungulia nje. Mara nyingi kuna shume wa mtaani anayepita chini ya dirisha au anayelala kibarazani, na paka wako anajibu. Ziba sehemu ya chini ya dirisha, ondoa mabaki ya chakula yanayomleta yule mgeni, na osha kibaraza. Kuna nyumba zimetulia kwa kipande cha pazia tu.

Analia usiku

Watu wa pwani tumekua na hadithi za sauti hii. Ukisikia kilio kama cha mtoto mchanga juu ya bati saa nane za usiku, nywele zinakusimama, na wakubwa wanasema usichungulie. Anayelia pale karibu kila mara ni jike aliyeingia kwenye joto, au madume mawili yanayogombea jike huyo.

Jike akiwa kwenye joto hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwa kila kitu, huinua makalio ukimgusa kiunoni, na hulia usiku kucha. Wengi huja kuuliza kama mgongo wake umevunjika. Hali hiyo hudumu kama wiki, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Urefu wa mchana ndio unaoamsha joto la paka. Nchi za Ulaya majike hupumzika majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi. Kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, hapumziki. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, akiwa bado yeye mwenyewe ni mtoto, na mimba ni kama siku 63 hadi 65. Dawa ya kudumu ni kumfunga kizazi. Lile wazo la kumwacha azae mara moja kwanza ndipo atulie halina faida yoyote kiafya.

Paka mzee aliyeanza kulia usiku ni kesi nyingine kabisa. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi humfanya akonde huku anakula sana na hatulii; shinikizo la damu linaweza kumpofusha ghafla, ukaona mboni zimetanuka na hazijibu mwanga; wapo pia wanaopoteza kumbukumbu kama wazee wetu, anasimama katikati ya sebule aliyoijua miaka kumi na mbili na kuita. Huyo mwachie taa ndogo, usihamishe samani, na mpeleke akapimwe, kwa sababu tezi na shinikizo la damu vina dawa. Na paka mweupe mwenye macho ya buluu anayelia kwa sauti kubwa mno pengine ni kiziwi, hajisikii.

Kisha kuna kijana mzima wa afya anayekuamsha saa kumi na moja. Paka ni mnyama wa magharibi na alfajiri, nyakati ambazo panya hutembea. Ukiamka ukampa chakula ili anyamaze, umemfundisha kuwa kelele hulipa. Jioni, kabla hujala, chezeni dakika kumi au kumi na tano kwa kamba au unyoya, akimbie na kukamata, kisha umpe mlo wake mkubwa wa siku. Atakula, atajilamba, atalala. Ndivyo mwili wake ulivyopangwa baada ya mawindo. Na alfajiri usiamke kwa ajili yake. Siku za mwanzo atazidisha kelele kabla hajaacha, na hapo ndipo watu hukata tamaa, siku ya nne, wakati kazi iko karibu kuisha.

Anakuja kubembelezwa, halafu anang'ata

Wahenga walishasema paka hakubali kulala chali. Anapojilaza ubavu na kukuonyesha tumbo anakwambia anakuamini, na imani hiyo haina ruhusa ya kushika tumbo. Ukishika, makucha manne na meno vinafunga pamoja, kama vinavyofunga kwa adui.

Hata ukimpapasa mahali sahihi, kuna kikomo. Ukitazama vizuri utakiona kinakuja: ncha ya mkia inaanza kupigapiga, ngozi ya mgongo inatetemeka kama maji yaliyopulizwa, masikio yanageuka pembeni, mngurumo unakatika. Toa mkono hapo hapo. Mpapase mashavuni, chini ya kidevu, katikati ya masikio, mara tatu nne, usimame, uone kama anarudi mwenyewe. Watoto wafundishwe hivyo pia.

Ila paka aliyekuwa akipenda kuguswa mgongoni na leo anageuka kwa ukali, mgongo, nyonga au ngozi inamuuma.

Ghafla kawa mkali

Jirani yangu alirukiwa na jike lake mwenyewe, jeraha la mkono likashonwa. Paka huyo alikuwa amekaa dirishani anamtazama shume bustanini, amevimba mkia kama brashi ya chupa, na jirani akaenda kumbeba. Ghadhabu iliyokuwa ya shume ikamalizikia kwake. Paka aliyewaka hivyo usimguse. Funga pazia, zima taa, toka chumbani, umwachie hata saa kadhaa. Tahadhari hiyo hiyo inahusu paka wawili ndugu waliogombana ghafla baada ya kishindo: watenge vyumba, uwarudishe pamoja polepole.

Halafu kuna lile ambalo huku kwetu haliwezi kurukwa. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka aliyekuwa mpole akawa anashambulia bila sababu, au mwoga wa watu akawa anakuja kwa kila mtu, anatoa mate, hawezi kumeza, taya limelegea, anayumba miguu ya nyuma, sauti imebadilika: usimshike wala usijaribu kumfungua kinywa kuona kama kuna mfupa. Mfungie chumbani na umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Dalili zikishamwanza binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo kabla ya dalili inaokoa. Paka achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Mara nyingi chanjo za bure hutolewa karibu na Septemba 28, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na zile meza za chini ya mwembe si za mbwa peke yao.

Hata paka mzima akikung'ata sana, usidharau. Meno yake ni membamba kama sindano, yanapanda bakteria ndani na kitundu kinajifunga juu. Mkono ukivimba kesho yake, nenda hospitali.

Anajificha na hataki kula

Siku moja bila kula kabisa inatosha kumpeleka. Paka hawezi kufunga kama mbwa: akikaa siku kadhaa bila chakula, hasa akiwa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulilemaza. Akikimbilia bakuli kwa hamu, akalamba, kisha akaruka nyuma au akatafuna upande mmoja, shida ni kinywa. Mfunue mdomo kidogo uone: fizi nyekundu, jino lililooza, mwiba wa samaki. Pua ikiziba kwa mafua hasikii harufu, na asichokinusa hali. Pasha chakula moto kidogo kinukie.

Anajilamba mpaka anabaki upara

Tafuta viroboto kwanza, hata kama huwaoni. Chukua kitana chenye meno ya karibu, mchane kiunoni karibu na mkia, ukung'ute uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vikiyeyuka na kuacha rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyokwisha pita tumboni mwa kiroboto. Mmoja au wawili wanatosha kumwasha paka mwenye mzio. Tibu paka wote wa nyumba kwa wakati mmoja, fua vitambaa kwa maji moto, fagia nyufa na chini ya mikeka, maana mayai na watoto wa viroboto wako huko, siyo kwenye paka. Upara ukiwa tumboni tu, chini kuelekea mapajani, rudi kwenye habari ya kibofu: hulamba juu ya mahali panapouma.

Anakula visivyoliwa

Majani ni kawaida, usimnyang'anye. Udongo, jivu na kulamba ukuta huashiria upungufu wa damu, na kwa watoto wa paka mara nyingi viroboto na minyoo ndio wanaoinyonya. Funua mdomo, fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi, nenda upesi. Kinachonitisha ni uzi. Nyumba yenye cherehani ifagiwe kila jioni. Uzi ukimezwa hujifunga mahali fulani, utumbo ukajikunja juu yake kama suruali kwenye mkanda na kukatika. Ukiona uzi umening'inia kinywani au nyuma, usiuvute.

Lishe nayo ina lake. Paka ni mla nyama kwa umbile, anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ambayo mwili wake hauitengenezi ya kutosha na ambayo ugali na wali hazina. Mwaka 1987 ilithibitika kuwa upungufu wake huulegeza moyo wa paka, na kabla ya hapo ilikwishajulikana kuwa unapofusha. Ugali wa jana na maziwa si chakula chake, na paka wengi wakubwa maziwa huwaharisha. Dagaa, utumbo na maini kwa kiasi, moyo wa kuku: hivyo vinapatikana sokoni kwa bei nafuu.

Yasiyo na neno

Kukukanda kwa miguu ya mbele kama anayekanda unga ni kumbukumbu ya kunyonya. Kuachama mdomo kama aliyeshangaa baada ya kunusa kitu ni kuipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Mjusi aliyekufa mlangoni, kukimbia mbio bila sababu baada ya kutoka chooni, kukutazama na kufumba macho polepole, kukwangua mguu wa kochi: vyote ni vya paka mzima. Kwa hilo la kochi, mpe gogo lililofungwa kamba ya katani, liwe refu kuliko yeye akijinyoosha, uliweke pale pale anapokwangua.

Dawa za nyumbani zinazoua

Naomba hapa usome taratibu. Panadol, na kila chenye parasetamoli, ni sumu kwa paka. Ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na utaona fizi zinageuka rangi ya udongo na uso kuvimba. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini, na dawa za kuogeshea ng'ombe, humletea mtetemeko na degedege. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, ambazo wengi huogeshea paka, zina sumu inayopita kwenye ngozi, na atailamba iliyobaki. Ukishampaka kimojawapo cha hivyo, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha mkimbize kwa daktari na kopo lenyewe mkononi.

Ukienda kwa daktari

Piga video. Paka akifika mezani kwa daktari hugeuka jiwe, hataonyesha lile ulilolijia, na sekunde ishirini za simu zinaokoa maelezo ya nusu saa. Andika siku ilipoanza, chakula, lini amekojoa mara ya mwisho, na nini kilibadilika nyumbani mwezi uliopita. Kikapu kiache wazi sebuleni siku zote kikiwa na kitambaa chake ndani, kisije kikawa kitu kinachotoka stoo siku ya sindano tu. Njiani kifunike kwa kanga uliyoivaa.

Mkirudi, wenzake wanaweza kumfokea na kumvimbia, kwa sababu ananuka hospitali na hawamtambui. Kibwana alipotoka kulazwa, yule mdogo alimkimbia siku mbili. Nilimweka chumba chake, nikachukua kitambaa kimoja nikawa nampangusa mmoja mashavuni, kisha mwingine, asubuhi na jioni, mpaka harufu zao zikawa moja. Siku ya tatu nilifungua mlango, wakanusana pua, wakala kila mmoja kwenye bakuli lake.